Slava Iliyoangukia Ijumaa

Wiki nzima kabla ya sikukuu ya Malaika Mkuu Mikaeli, Milunka alikuwa akitamani mvua. Shamba halikuwa na haja nayo, maana Novemba shamba limelala. Alitaka mvua ya kuharibu barabara, tope la kumeza magurudumu, mto upande kidogo tu pale darajani ili watu wa ng'ambo wakose njia. Alitaka wageni wasije. Mwanamke wa Kiserbia kutamani hivyo wiki ya slava yake ni sawa na bibi harusi kutamani bwana harusi apotelee njiani. Milunka alilijua hilo, akaona aibu, na akaendelea kutazama mawingu.

Slava ni siku ya mtakatifu wa nyumba. Mume huirithi kwa baba yake, baba kwa babu, na siku hiyo mlango huachwa wazi tangu asubuhi. Mialiko hakuna. Anayekuja amekuja, humwiti mtu wala humkatazi. Ukitaka kukwepa, njia ni moja: utangaze mapema, dukani au kanisani, kwamba mwaka huu nyumba yako haiadhimishi. Wanaofanya hivyo ni wenye msiba mbichi. Nyumba ya Milunka haikuwa na msiba. Ilikuwa na jambo ambalo majirani hawakujua walipe jina gani, kwa sababu aliyepatwa alikuwa hai.

Aliyepatwa ni Tihomir, mumewe. Huyu alikuwa fundi wa mapipa, yale ya mbao ya kuwekea rakiya, pombe yetu kali ya plamu, na mdomo wake haukujua likizo. Alipiga nyundo huku anasimulia, alikula huku anasimulia, na wapo walioapa kwamba hata usingizini alikuwa akibishana na mtu. Siku ya slava mwenyeji haketi. Husimama kutwa nzima, kumimina na kukaribisha. Tihomir aliisimamia siku hiyo kwa majivuno. Wakimwambia apumzike, alijibu, "Nitakuja kuketi nikifa, na hata siku hiyo mtanilaza." Aprili, miti ya plamu ikiwa imechanua, alikutwa ameanguka kati ya pipa na ukuta. Kiharusi kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote.

Milunka mwenyewe alizaliwa upande wa pili wa kilima, kwa mfugaji wa kondoo. Aliolewa akiwa mwembamba na mwepesi wa kucheka, na mama mkwe wake, mwanamke mkali kuliko siki, alimfundisha kukanda mkate wa sikukuu kwa kumgonga vidole na mwiko kila alipokosea. Akajifunza. Akazaa mtoto mmoja. Kanisani aliimba, na alikuwa na sauti iliyowafanya hata wanaume waliosimama nje wakivuta sigara waache maongezi. Baada ya Aprili hakuimba tena. Alimgeuza mumewe, akamwosha, akamlisha kwa kijiko, akakamua ng'ombe, akawasha jiko la kuni, akamgeuza tena. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na mtu aliyefikwa na maji shingoni hasemi sana, anaogopa kufungua mdomo.

Taa ndogo ya mafuta mbele ya picha takatifu ya Malaika ilikauka mwezi wa Mei, naye hakuijaza. Kalenda ya kanisa iliyotundikwa kando ya jiko, ile yenye sikukuu kwa wino mwekundu na alama za siku za kufunga, ilikuwa bado imefunguliwa Aprili. Hakuna aliyeigusa. Ukimuuliza Milunka leo ni siku gani, angekuambia ni siku ya dawa ya asubuhi, au siku ya dawa ya jioni.

Tumaini lake lilikuwa Vitomir, mwanawe, anayeendesha lori huko Austria. Vito angekuja, angewasha mshumaa, angesimama mahali pa baba yake. Kisha simu ikalia.

"Mama, bosi kanikatalia. Mwenzangu anaumwa, hakuna wa kushika lori."

"Haya, mwanangu."

"Usikasirike basi."

"Nani kakasirika? Endesha taratibu, barabara zina barafu."

"Na baba anasemaje?"

"Baba yako hasemi, Vito," alijibu, na ng'ambo ya pili kijana akakohoa kwa aibu.

Aliyemzuia asitangaze dukani alikuwa Leposava, wifi yake, dada mkubwa wa Tihomir, anayekaa chini karibu na daraja. Leposava ana desturi ya kuja bila kuketi. Alisimama katikati ya jiko na koti lake jeusi, akatazama ile taa kavu, akatazama vyombo.

"Wifi, nasikia unataka kuizima slava ya baba yetu."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema, ila uso wako unasema. Vita vimepita hapa, njaa imepita, na marehemu baba aliwasha mshumaa. Wewe kiharusi kimoja tu, unakunja jamvi."

Milunka alitaka kumwambia aje amgeuze kaka yake japo mara moja, aone uzito wake. Akalimeza neno hilo, kama alivyokuwa amemeza mengine, na likaenda kukaa pamoja nayo.

Siku chache kabla ya sikukuu, Padri Gavrilo alikuja kubariki maji, kwa kuwa mkate wa slava hukandwa kwa maji yaliyobarikiwa ndani ya nyumba yenyewe. Ni mtu mnene, mwenye ndevu zisizotulia na buti zilizolowa daima, na gari lake hukohoa kuliko yeye. Alichovya shada la mrehani ndani ya bakuli, akanyunyiza pembe za chumba, akamnyunyiza Tihomir kwenye kiti chake cha magurudumu, akambusu paji la uso. Halafu akaketi, kwa sababu alimwona Milunka amesimama kwa namna ya mtu mwenye jambo.

"Baba Padri, mwaka huu nataka niache."

"Uache nini?"

"Slava. Sina nguvu. Na wala sina..." Alilitafuta neno. "Sina moyo. Nikisimama mbele ya ile picha ni kama nimesimama mbele ya ukuta."

Padri aliiona taa kavu.

"Kuomba unaomba, Mama Vito?"

"Siombi. Maneno yanakwama hapa."

"Na mikono je, inafanya kazi?"

"Mikono ndiyo peke yake iliyobaki."

"Basi kanda mkate. Maji yako nimeshayabariki. Usijilazimishe kuomba, wewe kanda tu. Kuomba tutakuombea sisi, ndiyo kazi tunayolipwa kwa mapaja ya kuku."

Milunka nusura atabasamu. "Na nikianguka mbele ya wageni?"

"Wageni watakuokota. Kwani unafikiri wanakuja kula tu?"

Pale mlangoni, akiwa anahangaika na buti zake, padri aliongeza jambo moja: mwaka huu sikukuu inaangukia Ijumaa, kwa hiyo asisahau. Ijumaa kwetu hailiwi nyama, wala yai, wala maziwa. Hata sikukuu iwe kubwa namna gani, meza ya Ijumaa ni ya samaki, maharage na viazi. Mtoto wa darasa la kwanza analijua hilo. Lakini wakati padri anasema, Tihomir alikuwa amegumia, na Milunka alikuwa ameshakimbilia chumbani na shuka mkononi. Akaitikia kutoka huko huko, "Ndiyo, Baba Padri," bila kusikia hata neno.

Basi akapika. Alipika kama alivyopika miaka yote, kwa sababu mwili uliochoka hufuata njia unayoijua. Aliviringa nyama ya kusaga ndani ya majani ya kabichi iliyochachuka, ile sarma ambayo bila yake mgeni huona amedhulumiwa, akajaza sufuria kubwa. Jumatano Leposava alipita, akafunua sufuria, akachungulia, akafunika, akaaga. Alhamisi Grozdana, jirani mjane wa nyumba ya pili, alimshikia kitoto cha nguruwe wakakipaka chumvi. Grozdana naye hakuuliza. Kwake yeye nyama ya kupakwa chumvi leo ingeweza kuliwa siku yoyote. Tarehe Milunka aliijua vizuri, simu yake ilimwonyesha kwa tarakimu kubwa. Siku ya juma, iliyoandikwa pale kwa herufi ndogo, ndiyo iliyompotea. Kichwani mwake kesho ilikuwa Alhamisi.

Alasiri hiyo alikanda mkate. Alitia unga mweupe, maji ya baraka, maziwa ya ng'ombe wake na viini vya mayai ya kuku wake, maana kama nyumba ilikuwa maskini wa furaha, mkate angalau usiwe maskini. Alijaribu kuomba akikanda. Hakuna kilichokuja. Akakumbuka aliyoambiwa, akaendelea kukanda tu, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili mikono yake ikawa inafanya kazi isiyokuwa ya kufuta na kuosha. Alisuka suka ya unga akauzungushia mkate. Aliweka msalaba katikati, na njiwa, na kishada cha zabibu. Kisha akatengeneza pipa dogo la unga, kwa kuwa ndiyo desturi na kwa kuwa ndiyo kazi ya mumewe, akalichora pete kwa ncha ya kisu. Tihomir alikuwa akimtazama kutoka kwenye kiti. Jicho lake moja lilitoa chozi, lakini jicho lile lilikuwa likitoa machozi lenyewe tangu ugonjwa, kwa hiyo Milunka hakujua.

Asubuhi ya sikukuu jua lilitoka. Mvua haikunyesha hata tone, barabara ilikauka kana kwamba imefagiliwa. Leposava alikuwa wa kwanza kufika. Alisimama kizingitini, mkono bado uko kwenye kitasa, pua yake ikiwa imeinuka.

"Wifi, hii harufu ni ya nini?"

"Ya chakula. Karibu ndani, wifi."

"Chakula gani?"

"Sarma. Na nguruwe yuko tanurini, nimemtia mapema asije akatuchelewesha."

Leposava alivua kitambaa chake cha kichwa polepole, akakikunja. "Leo ni siku gani?"

"Malaika Mkuu."

"Siku ya juma, nakuuliza."

Milunka aligeuka kuangalia kalenda. Kalenda ikamwambia Aprili. Alichukua simu juu ya dirisha, akaisogeza karibu na macho, akaiweka chini.

"Ijumaa," alisema Leposava. "Umepika nguruwe siku aliyosulubiwa Bwana, kwenye nyumba ya baba yangu, na padri yuko njiani. Ndani ya mkate umetia nini?"

Milunka aliutazama mkate, na hilo lilitosha.

"Mayai. Bila shaka na maziwa. Kaka yangu angekuwa mzima..."

"Angekuwa mzima ningejua leo ni siku gani," Milunka alisema. Akatoka, akapita uani, akaingia ghalani, akafunga mlango.

Ghala lile lina kreti za viazi, rafu ya mitungi ya pilipili hoho, kamba za vitunguu, na pipa la kabichi ambalo Tihomir alilitengeneza mwaka waliooana. Milunka aliketi juu ya kreti ya viazi. Kwa muda alisikiliza pumzi yake tu, ilikuwa fupi na haikutaka kushuka kifuani. Alijua kitakachosemwa kijijini. Walioshindwa slava husamehewa. Waliomwekea Malaika nguruwe Ijumaa hufanywa hadithi, na wajukuu huisimulia. Lakini si hilo lililomvunja. Lililomvunja ni kwamba alikuwa amejaribu. Alikuwa amekusanya makombo ya nguvu zake zote akayaweka mezani, na hata makombo hayo yalikuwa makosa.

"Umefurahi sasa?" alisema kwa sauti, na ilikuwa wazi anamwambia nani. "Nimechoka. Nimechoka mpaka siku za juma zimenitoroka. Sikuombi umponye, niliomba hilo mpaka ulimi ukaota sugu. Nakuomba kitu kidogo. Niambie kama upo. Kama hupo niambie pia, nijue nabeba peke yangu, nijipange."

Hakuna sauti iliyojibu. Maji ya kabichi yalidondoka kutoka kwenye pipa, na uani kuku alilalamika. Milunka alilia, kilio kibaya cha kukwaruza, kilio alichokuwa akidaiwa tangu majira ya kuchanua, na kilipokwisha pumzi ilishuka hadi chini. Ni hilo tu. Mlango ukafunguliwa, akaingia Grozdana, na mwili wake ukaziba mwanga wote.

"Mama Vito, umekalia viazi."

"Najua."

"Basi nyanyuka, tunavihitaji."

"Leposava amekwambia?"

"Amekwambia wewe, mimi nimesikia kutoka kwangu, na nadhani wa ng'ambo ya mto wamesikia pia. Mimi nawe jana tumempaka yule nguruwe chumvi kama vichaa wawili, na hakuna aliyejiuliza. Sasa hivi: nyama yote ishuke huku ghalani, kuna baridi ya kutosha, kesho Jumamosi italiwa mpaka mifupa. Mimi nina sufuria ya maharage, nilijipikia mwenyewe na njaa yangu ya ujane. Nayaleta. Wewe menya."

"Na mkate, Grozdana? Mkate siwezi kuumenya mayai yakatoka."

Grozdana alishusha kamba moja ya vitunguu. "Mkate tumwachie padri. Yeye ndiye aliyesomea."

Padri Gavrilo alifika viazi vikiwa vinachemka. Leposava alimwahi mlangoni, kabla hajavua hata kofia.

"Baba Padri, usianze. Mkate una mayai na maziwa. Nguruwe wamemficha ghalani."

"Hawajamficha vizuri," alisema padri. "Nimemnusa tangu darajani, nikaomba toba kwa ajili ya mate yangu." Alimtazama Milunka, aliyekuwa amesimama kando ya jiko na macho mekundu, kisu cha viazi bado mkononi. Kisha akamgeukia Leposava. "Wewe mara ya mwisho kupita hapa ilikuwa lini?"

"Jumatano."

"Ukaona nini?"

"Niliona... alikuwa na sufuria ya sarma."

"Ya nyama?"

"Ya nyama."

"Ukamwambia nini?"

Leposava aliokota uzi usiokuwapo kwenye mkono wa koti lake. "Nilidhani anajua."

"Na mimi nilipokuwa navaa buti nilidhani amenisikia. Sasa tuna wakosaji watatu na mkate mmoja." Alivua kofia, akapangusa paji la uso. "Tutaukata leo na mtaula kesho. Mleteni mwenye nyumba."

Walimsogeza Tihomir mezani. Milunka alikuwa amemvalisha shati jeupe asubuhi, na kola ilikuwa pana kwa shingo yake mpya. Mshumaa mrefu wa nta ulisimama ndani ya bakuli la nafaka. Mwenye nyumba ndiye huuwasha. Milunka alimwekea kiberiti katika mkono wa kushoto, akauweka wake chini yake, na kwa mikono hiyo miwili waliuwasha. Ubani ulipanda. Padri aliimba, Grozdana akamfuata vibaya, na Milunka hakuimba. Padri aliukata mkate msalaba upande wa chini, akamimina divai nyekundu kwenye mikato, kisha wote wakaushika na kuuzungusha: padri, Milunka, Leposava, na ule mkono mmoja wa Tihomir. Pipa dogo la unga lilizunguka pamoja na njiwa na zabibu.

Baada ya hapo huja maneno. Padri na mwenye nyumba huubusu mkate pamoja, na padri husema mara tatu kwamba Kristo yu kati yetu, na mara tatu mwenye nyumba hujibu, yupo na atakuwepo. Kila mwaka Tihomir alilijibu hilo kwa sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na watoto wakacheka. Mwaka huu hakuna aliyekuwa amepanga nani atajibu. Padri aliinua mkate, akautazama uso wa Milunka.

"Kristo yu kati yetu."

Milunka alifungua mdomo. Lilikuwa ni swali lake lile lile la ghalani, sasa limerudi kwake kama jibu, na alitakiwa alitie sahihi. Hakutaka kusema uongo mbele ya mshumaa. Alikuwa amekosea kila kitu siku hiyo, hili hakutaka kulikosea. Alisimama mdomo wazi na neno halikuja. Grozdana alitazama sakafu. Viazi vilikuwa vinatokota jikoni, na padri alingoja, mkate umeinuliwa, mikono yake imeanza kuchoka.

"Yupo."

Sauti ilitoka chini, nzito, imepinda upande mmoja, kama mlango uliokaa muda mrefu bila kufunguliwa. Milunka aligeuka. Tihomir alikuwa ameukazia mkate macho, na mishipa ya shingo imemsimama ndani ya ile kola pana.

Padri hakupiga kelele ya muujiza. Sauti yake tu ndiyo ilishuka. "Kristo yu kati yetu," alirudia.

"Yupo," alisema Tihomir.

"Kristo yu kati yetu."

"Yupo," alisema mara ya tatu, akahangaika, midomo ikatafuta kilichobaki na haikukipata. Akamtazama mkewe. Hapo Milunka aliinama, akaweka shavu lake kando ya shavu lake lililolegea, na akalimalizia yeye.

"Na atakuwepo."

Alilisema akilia, na alilisema kwa kweli. Wakaubusu mkate wao wawili pamoja. Leposava, ambaye haketi, aliketi kwenye kigoda cha jikoni na kufunika uso kwa kile kitambaa alichokikunja. Baadaye kidogo alitoka bila kuaga, na watu walidhani amekasirika, lakini alirudi amebeba sinia la samaki wake wa mtoni aliowakaanga kwa ajili ya meza yake mwenyewe. Aliliweka mezani. "Hawa hawana mayai, wifi," alinong'ona, wala hakuongeza zaidi ya hapo, na Milunka alielewa kwamba ameombwa msamaha.

Wageni walikuja. Walikuja wa juu na wa chini, na wa ng'ambo ya mto, kwa barabara ile kavu aliyoiombea tope. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na Milunka alikuwa amelisikia neno hilo maisha yake yote kama mzaha wa walafi. Siku hiyo alisimama kutwa nzima mahali pa mumewe, akamimina rakiya, akagawa maharage, viazi na samaki. Waliponusa nguruwe walicheka mpaka machozi, na yeye akacheka, na kicheko kikamshtua kwa sababu alikuwa amesahau kilivyo. Mtu mmoja alimshika Tihomir bega akamuuliza kama rakiya hii ya mwaka juzi iachwe zaidi kwenye pipa.

"Yupo," alijibu Tihomir.

Ndipo walipogundua. Ukimuuliza kama ana kiu, alijibu, "Yupo." Ukimuuliza kama anaumwa, "Yupo." Alikuwa amepata neno moja tu, na alilitumia kwa kila kitu. Wengine waliona huruma wakatazama pembeni. Yeye alitabasamu kwa nusu ya mdomo, akalisema tena, kwa fahari ya mtu aliyepewa chombo kimoja cha kazi baada ya kunyang'anywa karakana nzima.

Daktari wa mjini, walipompeleka, hakumpa Milunka matumaini ya uongo. Alisema maneno yaliyorudiwa tangu utotoni, ya sala na ya nyimbo, hukaa mahali pengine kichwani, kwa hiyo ugonjwa huweza kuyaruka. Mengine huenda yasirudi. Milunka alimsikiliza, akamshukuru, akampandisha mumewe kwenye gari la Grozdana. Hakubishana naye. Mtu alikuwa amemweleza neno limetoka wapi. Nani alilituma saa ile, hakuwa na haja ya kumuuliza daktari.

Msimu wa baridi ulikuwa mbaya. Uzito wa Tihomir ulikuwa ule ule, dawa zile zile, na Vito alikuja Krismasi akakaa siku mbili akaondoka. Milunka alijaza taa ya Malaika na akafungua kalenda mahali pake. Alisali akikamua, sentensi fupifupi, nyingine za kulalamika. Alikuwa na amani, na amani ile ilimshangaza, kwa kuwa haikumpunguzia kazi hata moja. Kuna siku ilimponyoka asubuhi nzima, akaikuta tena jioni ilipo.

Asubuhi moja ya Februari maji yaliganda bombani. Ng'ombe mmoja alikuwa ameacha kula, kuni zilikuwa mbichi, jiko linatoa moshi, na shuka aliyoitandika alfajiri ilikuwa imelowa tena. Milunka aliegemeza paji la uso kwenye mlango wa jikoni. Hakuwa akisema na mtu.

"Mungu wangu," alisema, "leo uko wapi?"

"Yupo," ilijibu sauti nzito kutoka chumbani.

Milunka aliinua paji la uso kutoka kwenye mbao.

"Haya, baba, nimesikia," alisema. "Nakuja." Akachukua shuka kavu iliyokuwa imeanikwa juu ya jiko, akaenda kumgeuza.